Siri ya Kiini cha Mchanga: Maisha ya Fundi Bazilio Mpawenimana, 1957–2025

Ndugu waombolezaji, wasifu huu ni mrefu kidogo kuliko mlivyozoea, na hilo ni agizo la marehemu mwenyewe. Aliagiza usisomwe mbio mbio kama tangazo la mnada, na usifungwe kabla halijasemwa jambo moja ambalo yeye alishindwa kulisema kwa miaka ishirini na saba. Tutalifikia. Tunajua pia kwamba tangu juzi, pale chini ya turubai, mazungumzo ni yale yale: je, Bazilio amekwenda na siri yake? Karakana itafungwa? Mteja mmoja kutoka Makere hakusubiri hata mazishi. Alikuja jana na bodaboda kuchukua kielelezo chake cha mbao, umbo la kipuri alichotaka atengenezewe, akitoa pole nyingi sana huku anakifunga kamba. Mafundi wanane wanaoitegemea karakana ile nao wako hapa, na wanataka kujua kama Jumatatu waje kazini au wakatafute kwingine. Tunaomba mvumilie, jibu limo humu.

Marehemu Bazilio Mpawenimana alizaliwa tarehe 3 Machi 1957 kijijini Nyakitonto, wilayani Kasulu. Alikuwa mtoto wa nne wa Mzee Gwasa na Mama Vitoria, na wa kwanza kuishi. Ndiyo maana wakamwita Mpawenimana, jina la kumshukuru Mungu kwa alichowapa. Bibi yetu, kwa hofu ya kumpoteza na huyu, hakumruhusu kugusa jembe mpaka alipotimiza miaka tisa. Madhara yake mnayajua wote mliowahi kulima naye. Mpaka uzeeni alishika jembe kama mtu aliyepewa nyoka amshikie mwenzake.

Alisoma Shule ya Msingi Nyakitonto kuanzia mwaka 1965 hadi 1971. Hesabu alizipenda, mwandiko ulimshinda. Akiwa darasa la tano aliokota vipande vya mishumaa kanisani, akaviyeyusha kwenye kopo, akavimimina ndani ya mabua ya mpapai, akapata mishumaa mipya kumi na mmoja iliyonyooka vizuri. Katekista alimchapa viboko viwili kwa kuokota bila ruhusa, kisha akamwomba amfundishe. Baba alipenda kutusimulia kisa hicho, na kila alipokisimulia viboko viliongezeka.

Mwaka 1973 alipokelewa kujifunza ufundi wa mitambo katika karakana ya misheni moja mjini Kasulu, na mwaka 1976 akahamishiwa Kibondo kutengeneza pampu na mashine za kusaga. Huko ndiko alikojifunza kusubu, yaani kuyeyusha chuma chakavu na kukimimina kwenye kalibu ya mchanga ili kitoke kitu kipya. Alisubu sufuria, mifuniko, vishikio vya milango na magurudumu ya mashine. Mwaka 1983 alirudi Kasulu, akafungua karakana yake karibu na stendi ya zamani, jirani na tanuri la mikate la Mzee Athuman, ambaye wazee wake walitoka Tanga. Urafiki wa watu hawa wawili ulianza kwa ugomvi wa moshi, kila mmoja akidai moshi ni wa mwenzake. Tunavyozungumza bado haujaamuliwa.

Ndoa yake ilitokana na kazi mbovu. Mwaka 1984 alikwenda Kitahana, wilayani Kibondo, kutengeneza pampu ya kijiji, na akina mama wakamletea vyombo vilivyotoboka. Binti mmoja aitwaye Irakoze alileta sufuria la mama yake. Marehemu akaliziba, akalirudisha kwa madaha. Yule binti hakusema asante. Alilijaza maji palepale, akaliweka juu ya jiwe, akakunja mikono na kusubiri.

“Fundi,” akasema baada ya muda, “sufuria lako linalia.”

Akalirudia. Likalia tena. Mara ya tatu halikulia, na marehemu akaamua kwamba mwanamke wa namna hiyo ni heri awe nyumbani kwake kuliko awe mteja. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 23 Novemba 1985, na Mungu akawajalia watoto wanne. Mimi ninayesoma ni wa kwanza. Jina langu la Tunu nilipewa na Bi Mwanaamina, mke wa Mzee Athuman, aliyemshika mama yangu mkono njia nzima kwenda kujifungua. Baba alikuwa akisema watu wengine huoa mke, yeye alioa mkaguzi.

Sasa tuingie kwenye kazi iliyompa jina. Kwa wasioijua: ukitaka kusubu kitu chenye uwazi ndani, kama gamba la pampu ambamo maji hupita, hutoboi baadaye. Unatengeneza kwanza umbo la mchanga lenye sura ya ule uwazi, unalioka likauke, unalilaza ndani ya kalibu, kisha unamimina chuma kikalizunguka. Kikipoa, unagonga, mchanga unamwagika wote, unabaki na gamba lenye uwazi wake. Umbo hilo la mchanga sisi tunaliita kiini. Ugumu wake ni mmoja tu. Kiini kikiwa laini kinabomoka chuma kikimiminwa, na kikiwa kigumu kupita kiasi hakitoki tena, utachokonoa mpaka uzeeke. Kwa hiyo kila kitu kinategemea unachanganya mchanga na nini ili ushikane.

Marehemu hakuijua kazi hii mpaka mwaka 1997. Kabla ya hapo alikuwa akisubu gamba zima kama jiwe, halafu analichimba kwa tindo siku tatu. Siku moja katika soko la Nyarugusu alikutana na Papa Mulenda, fundi aliyekimbia vita huko Kongo, ambaye yuko nasi hapa leo na familia yake. Papa Mulenda aliliangalia lile gamba lililochimbwa, akaliangalia na tindo, akacheka mpaka akakaa chini.

“Papa Bazile, weye unajitesa bure,” akamwambia. “Tundu haichimbwake. Unatengeneza nwayo na mchanga, unalalisha ndani, chuma inapita pembeni. Ikishapoa unapiga kidogo tu, mchanga inatoka yote.”

Hiyo nwayo ndiyo kiini chenyewe. Kwa maelekezo ya Papa Mulenda marehemu alichonga sanduku lake la kwanza la viini, la mti wa mninga, lenye nusu mbili zinazofungana kwa vigingi, na ndani limechimbwa sura ya uwazi wa pampu. Mchanga wa mto Ruchugi ulichekechwa, ukashindiliwa kwa kijiti, ukatobolewa njia ya hewa kwa spoku ya baiskeli, na viini vikapelekwa kuokwa kwa Mzee Athuman mikate ikishatoka. Sanduku lilikuwa zuri, tanuri lilikuwa zuri, viini vikawa ovyo. Alijaribu uji wa muhogo, akajaribu udongo wa kichuguu, akajaribu asali, ambayo mafundi waliilamba kabla haijafika kwenye mchanga. Kila chuma kilipomiminwa kiini kilibomoka. Mwezi Mei 1998 alikuwa na kazi ya magamba kumi na nane ya pampu, na saba ya kwanza yote yalitoka bila tundu.

Halafu, ghafla, vikakubali. Wiki moja viini vinabomoka, wiki iliyofuata vinasimama kama askari na kutoka kwa kugongwa mara mbili. Kuanzia hapo kila Jumanne na Ijumaa marehemu alifika karakana na dumu la njano lililofungwa kwa mfuko, akamimina mwenyewe kwenye mchanga, akalifunga tena. Aliyeuliza aliambiwa, “Hiyo ni dawa yangu.” Sifa zikaenea mpaka Kakonko. Wenye mashine za kusaga walipita karakana tatu njiani ili wafike kwake. Na hapa hatuna budi kumtaja Mzee Mansuri wa Kibondo, fundi mwenzake na mshindani wake, ambaye naye tunamwona pale nyuma ya nguzo. Mzee Mansuri, usijifiche. Mwaka 2004 ulikuja kumjulia hali marehemu, na ulipoondoka mafundi walikuona ukilamba mchanga wa chini ya meza. Ulisema ni sukari guru. Mwaka uliofuata ukasema ni maziwa ya mgando. Baba alicheka mpaka machozi, lakini hakukwambia.

Alipenda sana vifaa vyake, pengine kuliko viatu vyake. Masanduku ya viini yalifika thelathini na mawili, kila moja na jina. Mwaka 2006 alijenga tanuri lake la kuokea viini kwa matofali na pipa. Mwaka 2009 alitengeneza mashine ya kupuliza mchanga, ili kujaza sanduku kusiwe kazi ya kushindilia kwa kijiti. Alichukua tangi la upepo la breki za lori, akaliunganisha na bomba na koki. Ukifungua koki, upepo unausukuma mchanga ndani ya sanduku kwa pumzi moja. Siku ya kuijaribu ilikuwa Idi, na Mzee Athuman alikuwa amepita na kanzu mpya kutupa mkono wa sikukuu. Marehemu akafungua koki. Vigingi vya sanduku havikuwa vimekaza. Sanduku likafunguka kama mdomo, na mchanga wote ukamwendea Mzee Athuman kuanzia kofia mpaka viatu.

Mzee Athuman alijifuta jicho moja. “Bazilio,” akasema, “mimi nimekuja na pilau mkononi, wewe wanivika kanzu ya mchanga?”

Mashine hiyo ilirekebishwa na inafanya kazi hadi leo, viini kumi na viwili kwa muda wa kunywa chai. Kanzu haikurekebishika.

Agosti 2011, katika maonyesho ya mafundi mjini Kasulu, marehemu alipewa cheti cha fundi bora. Mgeni rasmi alimuuliza jukwaani siri ya viini vyake ni nini. Marehemu akajigonga kichwa kwa kidole, akasema, “Iko humu.” Watu wakapiga makofi. Mama alikuwa kiti cha safu ya tatu, amemshikia kofia. Wiki iliyofuata, kwa mara ya kwanza tangu 1998, dumu la njano halikuja. Mafundi walipouliza, marehemu aliwaambia yuko katika utafiti. Utafiti ulichukua siku tisa, karakana imekaa kimya, na siku ya kumi dumu likarudi. Tuzishike hizo siku za utafiti, maana tutazirudia.

Marehemu alianza kusumbuliwa na moyo mwezi Oktoba 2022. Alitibiwa Kasulu na baadaye Kigoma, na familia inawashukuru madaktari na wauguzi wote waliomhudumia kwa upole, hata aliporekebisha kitanda chao bila kuombwa. Januari mwaka huu alilala kitandani moja kwa moja. Mimi nilikuwa nimeshashika karakana, na nilijua mwisho wa viini umefika. Lakini Jumanne ikafika, na dumu likaja, limebebwa na mjukuu kutoka nyumbani. Ijumaa, dumu likaja. Vijana wa karakana wakaanza kusema, “Huyu mzee noma, anachanganya dawa akiwa amelala.”

Jumatano moja adhuhuri nilikwenda nyumbani bila taarifa kufuata sanduku. Baba alikuwa chumbani anakoroma. Nyuma ya jiko, kwenye lile pipa la kulowekea muhogo, alikuwapo Mama, mkono umezama mpaka kwenye kiwiko. Akautoa, akanusa vidole, akaurudisha. Ndipo akaniona.

“Umeona?”

“Nimeona, Mama.”

“Basi usisimame kama mgeni. Leta hilo dumu.”

Jumapili tarehe 1 Juni, baada ya misa, Baba aliomba tumwinue aegemee mito. Tulikuwa Mama, Mzee Athuman na mimi. Akasema maneno haya, na niliyaandika palepale kama alivyotaka:

“Tunu, mwanangu, siku ya kunizika watasema nimekwenda na siri. Wengi watanisifu kwamba niliitunza vizuri. Niliitunza vizuri kwa sababu sikuwa nayo. Mwezi ule wa Mei, mama yako alikuwa kwenye jumuiya. Mimi nikataka maji ya kuchanganyia mchanga, nikabeba ndoo iliyokuwa mlangoni pa jiko. Kumbe yalikuwa maji aliyotolea muhogo, yameshachacha. Vile viini vikakubali. Mara ya pili nikachota mwenyewe, vikabomoka. Mara ya tatu vikabomoka. Mara ya nne nikamwendea mama yako, akanusa, akaniambia, ‘Haya bado, hayajafika.’ Tangu siku ile ni yeye. Mimi kazi yangu ilikuwa kubeba dumu.”

Mzee Athuman akauliza kwa nini hakusema miaka yote hiyo.

“Mwanzoni niliona haya, kwamba fundi mzima nachanganyiwa kazi jikoni. Baadaye niliona haya kwa kuwa nimeona haya. Ikawa ndefu.” Akamgeukia Mama. “Na ile siku ya cheti nilijigonga kichwa. Kichwa chenyewe ulikuwa umekishikia kofia.”

Mama akasema, “Acha hayo, Baba Tunu. Sifa ikikaa kwako au kwangu, si nyumba ile ile?”

“Nyumba ni moja,” Baba akajibu, “lakini jina lililokuwa likitajwa ni langu tu. Tunu, usiniache nizikwe na sifa ya mtu. Lisome mbele ya wote.”

Hilo ndilo jambo. Mafundi, zile siku za utafiti za mwaka 2011 mtafiti alikuwa Mama, amekunja mikono. Utafiti ulimalizika Baba alipomwomba msamaha na kumletea kitenge cha bluu, hicho alichovaa leo, maana amekataa kuvaa kingine. Tangu Januari amenifundisha. Nimejifunza kwamba maji huchukua siku tatu wakati wa joto na sita katika baridi hii ya Juni, ila kuhesabu siku hakusaidii sana, kwa sababu kinachosema yamefika ni harufu, na kisha ute kati ya vidole. Huchujwa kwa kitambaa, huongezwa mawese kidogo, halafu mchanga. Mwanzoni, kati ya viini ishirini, kumi na vinne vilibomoka mikononi mwangu, na Mama akavitazama bila kusema, jambo ambalo ni baya kuliko kusemwa. Wiki iliyopita vilibomoka viwili. Kwa hiyo Jumatatu saa moja na nusu karakana inafunguliwa, mafundi wote wanane waje, na yule ndugu wa Makere anaweza kukifungua kile kielelezo akirudishe. Mzee Mansuri, Mama amenituma nikwambie kwamba uje na ndoo yako akufundishe, kwa sababu umeteseka vya kutosha. Ila uje mwenyewe, na usilambe kitu.

Marehemu alifariki dunia Alhamisi tarehe 12 Juni 2025, saa nne asubuhi, nyumbani kwake Kasulu, akiwa na umri wa miaka sitini na nane. Alikuwa ameshika mkono wa Mama, na mkono ule ulikuwa unanuka muhogo. Mama alitaka kwenda kunawa, Baba akamkatalia. Tutamkosa sana. Karakana haina mtu mwingine anayeimba nyimbo za Kwaresima katikati ya Desemba, na mimi sina mtu mwingine wa kuniita mwanangu mbele ya wateja.

Ameacha watoto wanne, wakwe watatu, wajukuu tisa, rafiki yake Mzee Athuman pamoja na kesi ya moshi, mwalimu wake Papa Mulenda, masanduku thelathini na mawili ya viini, na mashine moja ya kupuliza ambayo inashauriwa kusimama mbali nayo. Na ameacha mjane, Bi Irakoze wa Kitahana, mchanganyaji wa viini vyote vilivyotoka katika karakana ya Bazilio tangu mwaka 1998. Alipoulizwa jana kama atakubali kusimama jina lake litakapotajwa, alijibu, “Nitasimama nikichoka kukaa.”

Mama, umekaa miaka ishirini na saba. Tunakuomba usimame, watu wakuone.

Na wewe, Baba, tumelisema. Sasa lala, upumzike kwa amani.